Kenge wa Afrika katika Mifereji ya Florida

Kenge, mjusi mkubwa wa mito na maziwa ya Afrika ambaye tangu kale hujulikana kwa kufukua na kula mayai ya mamba, aliingia Marekani kwa njia ya biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 alikuwa amekwisha kuonekana akiishi huru katika mji wa Cape Coral, jimboni Florida. Mji huo, ulioanzishwa mwaka 1957 na kukatwa mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, ulimpa maji, joto na maficho. Na uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe zinazorithisha sifa, umeonyesha kwamba asili ya kenge wa mji huo ni Afrika Magharibi. Huko Florida kenge amekuwa spishi vamizi, yaani kiumbe mgeni anayeenea na kuwadhuru wenyeji, hasa bundi wadogo wanaotaga mashimoni ardhini. Kuwatega kenge hao pekee hakukutosha kuwamaliza, kwa kuwa jike huweza kutaga hadi mayai 60 kwa mkupuo mmoja; ndipo mwaka 2010 jimbo likakataza watu kujipatia kenge wapya wa kufuga nyumbani.