Hundi na Namba

Sisi wa Dunda tumekua tukisimuliwa kwamba Bagamoyo ni mji wa misafara. Tunasimuliwa habari za pembe za ndovu, watumwa na wapagazi. Ni nadra kusimuliwa habari za karatasi ndogo zilizovusha fedha bahari, yaani hundi. Neno hilo tunalo hata leo, nalo lilitujia kutoka Bara Hindi, kama vile hawala ilivyotujia kutoka Uarabuni.

Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja au wa mwambao huu hakulazimika kupakia sanduku la fedha jahazini ili alipe deni lake Bombay. Aliandika hundi, na mshirika wake kule akalipa. Je, karatasi ikiibiwa? Wenyewe walilifikiria hilo. Palikuwa na hundi iliyoitwa shah jogi, isiyolipwa ila kwa mkono wa tajiri anayejulikana sokoni, ili fedha zikimfikia asiye haki, awepo wa kuulizwa. Hapa petu Bagamoyo, mtu kama Sewa Haji, aliyewatafutia wasafiri wa Kizungu wapagazi na bidhaa hadi alipofariki mwaka 1897, jina lake lilikuwa ni mali.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mpwa wangu anayesoma Ujerumani. Alikwama kodi ya chumba, nami nikauza mbuzi wawili na kuongezea akiba yangu ili nimsaidie. Alinitajia kwa simu namba yake ya kimataifa ya akaunti, ile iitwayo IBAN. Ilikuwa na herufi mbili za nchi, DE, na tarakimu 20. Sisi Tanzania hatuna namba za aina hiyo. Anayetuletea fedha hutumia namba ya kawaida ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki. Basi niliiandika kwa mkono unaotetemeka, na benki karani akaniambia, "Mzee, mashine imeikataa." Kumbe nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili, ya nyuma nikaitanguliza.

Nilinung'unika, kisha nikashukuru. Utaratibu huo, uliotangazwa kama kiwango cha kimataifa mwaka 1997, una mlinzi ndani yake. Tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi hutokana na hesabu: namba nzima hupangwa upya, herufi zikageuzwa kuwa tarakimu, kisha ikagawanywa kwa 97. Baki lazima liwe 1. Ukikosea tarakimu moja, hesabu haikubali, na fedha haziondoki.

Mwezi uliofuata nikapata ujumbe: "Mjomba shikamoo, nimebadili akaunti, tuma kwa hii." Namba ilikuwa safi, na mashine ingeipokea bila kusita. Lakini mpwa wangu hunisalimu kwa jina la utani alilonipa utotoni, na humo halikuwemo. Nikampigia simu. Hakuwa na habari yoyote. Fedha zile zingekwenda, na yeye angetolewa chumbani wakati wa baridi kali.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mlinzi wa 97 humjua mwenye mkono mzito, hamjui mwongo. Tapeli anayekupa namba yake mwenyewe hukupa namba sahihi kabisa. Wazungu nao wameliona hilo: tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kulinganisha jina la mpokeaji na namba yake kabla ya fedha kutoka. Ni kama kumrudisha yule tajiri wa shah jogi mlangoni.

Lakini sisi tunaotuma kutoka huku tusingoje mlinzi wa watu. Namba inakiliwe polepole, isomwe tena kwa sauti. Ikibadilika, mpigie mwenyewe kwa simu uliyoizoea, umsikie. Babu zetu waliuliza kwanza, "Huyu nani anamjua?" Swali hilo halijachakaa.