Barbara Kimenye: Mama wa Moses aliyepitia Bukoba

Na Mwandishi Wetu

HUWEZI kuizungumzia historia ya vitabu vya watoto Afrika Mashariki bila kulitaja jina la Barbara Kimenye, mwanamama aliyeandika zaidi ya vitabu 50 katika uhai wake, vingi vikiwa vya watoto na vijana.

Nakala za vitabu vyake zilizouzwa zilipita milioni moja, zikisomwa Kenya, Uganda, Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika zinazotumia Kiingereza. Hata hivyo, wasomaji wengi humkumbuka kwa mhusika mmoja tu: Moses.

Kimenye alizaliwa Desemba 19, 1929 mjini Halifax, Uingereza, baba yake akiwa daktari mwenye asili ya visiwa vya Karibiani. Alisomea uuguzi jijini London, na huko ndiko alikokutana na Bill Kimenye, kijana kutoka Bukoba.

Baada ya kufunga ndoa, wawili hao walihamia Bukoba katikati ya miaka ya 1950, enzi za Tanganyika. Ndoa hiyo ilipovunjika, mama huyo alivuka mpaka na kwenda Kampala, ambako alifanya kazi katika Serikali ya Kabaka Mutesa II wa Buganda.

Aidha, aliingia katika uandishi wa habari kupitia gazeti la Uganda Nation, na baadaye akafanya kazi Nairobi katika magazeti ya Daily Nation na East African Standard.

Jina lake kama mtunzi lilianza kufahamika kwa vitabu viwili, Kalasanda (1965) na Kalasanda Revisited (1966), vinavyosimulia vituko vya wakazi wa kijiji cha kubuni huko Buganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Oxford University Press ilianza kuchapisha mfululizo wa Moses. Mhusika huyo ni mvulana wa bweni katika shule ya Mzee Mukibi, ambayo jina lake refu linajigamba kuwa ni ya wana wa waungwana wa Kiafrika, ilhali wanafunzi wake ni watukutu walioshindikana kwingine.

Moses na rafiki yake, King Kong, hawaishiwi visa. Katika kitabu kimoja wanakabiliana na watekaji nyara, katika kingine na mzimu, na kila mara wanajinasua kwa ujanja kuliko kwa utii.

Hapo ndipo ilipo siri ya mafanikio yake. Kimenye hakumpa mtoto hadithi iliyoandikwa ili kumfunza adabu, bali alimwekea mbele shule anayoijua: mwalimu mkuu mkali, maisha ya bweni, adhabu na njama za usiku.

Mfululizo pia ulikuwa na faida yake. Mtoto aliyemaliza kitabu cha kwanza kwa shida alikianza cha pili akiwa tayari anawafahamu wahusika na mahali, hivyo hata Kiingereza chake kikiwa kidogo, hakupotea njia.

Katika miaka ya 1970 Kimenye alirejea London na kufanya kazi ya ushauri wa masuala ya mahusiano ya rangi katika eneo la Brent. Mwaka 1986 alirudi Uganda, mwaka 1989 akahamia Kenya, na mwaka 1998 akarejea London. Alifariki dunia Agosti 12, 2012, akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa Tanzania, maisha yake yanaacha funzo. Moses aliandikwa kwa Kiingereza, ilhali tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya Serikali amekuwa akifundishwa kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapisha hadithi nyingi za Kiswahili. Lakini mtoto wa Kashaulili, mjini Mpanda, akimaliza hadithi moja na kumpenda mhusika wake, anahitaji kukutana naye tena katika kitabu cha pili, cha tatu na cha kumi.

Kimenye alionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana, mradi awepo mwandishi asiyechoka na mchapishaji wa kumsubiri.