Tezo na Mpaka: Uchongaji wa Mpingo wa Wamakonde katika Msumbiji, Tanzania na Kenya

Historia ya uchongaji wa mpingo katika Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa ndani ya mpaka wa nchi moja. Wamakonde, ambao ndio wenye jina katika ufundi huu, wanaishi pande zote mbili za Mto Ruvuma: Mueda upande wa Msumbiji, Newala upande wa Tanzania. Wareno na Wajerumani waliufanya mto huo kuwa mpaka katika miaka ya 1880, ila wachongaji hawakuacha kuuvuka.

Hapo awali mpingo haukuwa mti mkuu wa kazi yao. Barakoa za mapiko, zilizovaliwa katika ngoma za jando na unyago, zilichongwa kwa miti laini na myepesi, kwa kuwa mchezaji hawezi kucheza na mzigo kichwani. Mpingo ulishika nafasi katika karne ya 20, soko la wageni lilipokua, na badiliko hilo la malighafi likawa badiliko la kazi ya mkono pia. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Sehemu yake ya nje ni nyeupe, kiini ni cheusi, na shina mara nyingi limepinda. Mchongaji huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akaanza kwa shoka na tezo, akaendelea kwa patasi na tupa, akamalizia kwa msasa. Chuma hupoteza makali upesi, hivyo kunoa ni sehemu ya kuchonga. Mtindo wa shetani, ulioibuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na unaohusishwa hasa na Samaki Likankoa, hujulikana kwa viungo vilivyopindapinda. Kuueleza kwa imani za mizimu pekee ni kulisahau gogo lenyewe.

Kodi na kazi za kulazimishwa chini ya Wareno ziliwasukuma Wamakonde wengi kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika na Kenya. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, viliongeza wimbi hilo. Huko Kwale, vizazi kadhaa viliishi bila uraia hadi serikali ya Kenya ilipowatambua mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, wakahesabiwa kuwa kabila la 43. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki wala hasajili biashara kwa jina lake. Kinyago chake hulazimika kupita mkononi mwa mwingine kabla ya kumfikia mnunuzi.

Ufundi wenyewe haukungoja vyeti. Wakamba wa Wamunyu humtaja Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi na ujuzi wa kuchonga. Simulizi hazipatani kama walimu wake walikuwa Wazaramo au Wamakonde, lakini zote zinakiri kwamba alifundishwa ng'ambo ya mpaka.

Leo mpaka unaombana zaidi mchongaji ni wa kisheria. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia, umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa masharti kwa ala za muziki zilizokamilika, zikiwemo klarineti na obo zinazotengenezwa Ulaya kwa mpingo huohuo. Bidhaa nyingine zilizokamilika zilipewa msamaha wa hadi kilo 10 za mbao kwa kila shehena. Kwa mti unaozama majini, kilo 10 ni vinyago vichache tu. Mtengenezaji wa klarineti hahitaji kibali cha CITES kwa ala yake iliyokamilika. Chama cha wachongaji kinachotaka kusafirisha sanduku moja la vinyago linalozidi kilo hizo 10 kinakihitaji, na kibali hicho hutolewa na mamlaka ya kila nchi kivyake, ingawa mti, tezo na fundi ni walewale kutoka Mueda hadi Kwale.