FARASI WA UNGUJA: NANI KASEMA LAZIMA APIGWE MISUMARI MIGUUNI?

Pita jioni kwenye ufukwe wa Nungwi au Kendwa utawaona. Farasi wanatembea kwenye maji ya kina kifupi, mtalii juu, simu mkononi, picha zinapigwa. Kila mtu anatazama shingo na manyoya. Miguu je? Miguu haiangaliwi na mtu, wakati stori yote ya farasi iko huko chini.

Ukiuliza mtaani farasi anavaa nini, jibu ni moja: kiatu cha chuma kilichopigiliwa misumari. Kwenye muvi ndivyo inavyoonyeshwa. Kumbe chuma ni njia moja tu, na wala siyo kongwe kuliko zote.

Kabla ya misumari

Karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kizima kuhusu farasi na hakutaja kiatu. Ushauri wake ulikuwa rahisi: mwaga mawe ya mviringo mahali farasi anaposimama, kwato zikomae zenyewe. Warumi walikuja na kitu kama kandambili ya chuma, ikifungwa kwa mikanda na kuvuliwa. Wajapani waliwavisha farasi wao viatu vya majani makavu ya mpunga yaliyosukwa, na waliendelea hivyo mpaka karne ya 19.

Misumari ilienea Ulaya kama miaka 1,000 iliyopita. Halafu mwaka 1835 Henry Burden wa mji wa Troy, New York, akasajili mashine ya kutengeneza viatu vya farasi. Kuanzia hapo chuma kikawa cha bei rahisi, kikaonekana ndiyo sheria.

Mtoni na watu wasiotajwa

Miaka mitano baadaye, farasi wawili wa Kiarabu walishuka bandarini New York. Walitoka kwa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, ndani ya meli ya Al-Sultana iliyotia nanga tarehe 30 Aprili 1840. Walikuwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Sheria za kwao zikamkatalia kuichukua iwe mali yake, farasi wakauzwa.

Nahodha anajulikana: Ahmad bin Naaman. Sultani anajulikana, Rais anajulikana. Lakini fikiria zaidi ya miezi miwili baharini. Kuna mtu aliyewalisha wale farasi, aliyewafuta mkojo chini ya miguu kwato zisioze. Huyo jina lake hulisikii popote.

Kwenye kasri la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, mambo yalikuwa yaleyale. Bibi Salme, binti wa Sultani aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anasimulia kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba watoto wa kasri walifundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Walimu walikuwa matowashi. Wavulana wakishajua walipewa farasi, wasichana walipewa punda weupe wakubwa wa Maskati, ambao bei yao mara nyingi ilizidi ya farasi wa kawaida. Punda alikuwa usafiri wa heshima, si mchezo! Ila kazi ya zizini ilikuwa ya watumwa, na utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897. Waliozijua kwato za farasi wa Unguja ndio hao hao ambao hawakuandikwa.

Sasa mguu wenyewe ukoje?

Ukwato umetengenezwa na kitu kilekile cha kucha zako. Unakua karibu milimita 6 mpaka 10 kwa mwezi, ndiyo maana hukatwa kila baada ya wiki kadhaa. Farasi akikanyaga, ukwato hutanuka kidogo, hupunguza kishindo na kusaidia kusukuma damu irudi juu. Ukiubana kwa chuma, kule kutanuka kunapungua. Ubishi huu si wa jana: daktari wa wanyama Bracy Clark aliuanzisha Uingereza tangu mwaka 1809.

Leo njia mbadala ziko nyingi:

- Pekupeku. Kwato zinachongwa vizuri na kuachwa wazi. Kikosi cha polisi wa farasi wa Houston, Marekani, kimefanya hivyo, na wale wanakanyaga lami ya mjini.
- Viatu vya kuvaa na kuvua. Vya mpira au plastiki, yaani katambuga za farasi. Anavaa akienda kwenye mawe, akirudi anavuliwa.
- Viatu vya gundi. Vinabandikwa bila msumari hata mmoja, vinafaa farasi mwenye kwato zilizopasuka.
- Alumini. Ni chepesi kuliko chuma, hupendwa kwenye mashindano ya mbio, ila bado kinapigiliwa misumari.

Chuma nacho kina kazi yake. Farasi wa kazi nzito, ambaye kwato zinalika haraka kuliko zinavyokua, au mwenye ugonjwa fulani wa mguu, anaweza kukihitaji. Kosa ni kumpigilia kila farasi kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka.

Turudi Unguja

Kisiwa hiki kina ardhi za aina mbili. Ufukweni mchanga laini, ambapo pekupeku inatosha kabisa na maji ya chumvi yanakula chuma. Ukienda upande wa kusini na mashariki kuna maweni, matumbawe makali kama wembe. Hapo hata binadamu havui kandambili, na farasi anastahili katambuga yake.

Lakini mnyama anayeumia zaidi siyo farasi wa picha. Ni punda wa gari, yule anayebeba mchanga na matofali juu ya lami ya saa saba mchana. Asili yake ni nchi kavu, na ukwato wake hunyonya maji kuliko wa farasi. Kwenye unyevunyevu wa Unguja, zizi likiwa tope, unalainika na kuoza. Yeye hahitaji kiatu cha bei. Anahitaji pakavu pa kulala, mguu kusafishwa kila siku, na mtu anayejua kuchonga.

Punda afe mzigo ufike, wahenga walisema. Sawa, ila punda anayechechemea mzigo haufikishi, na mwenye gari siku hiyo nyumbani hapikwi.

Ukikutana na kijana anayeinua mguu wa mnyama wake na kuukwangua tope, muulize jina. Miaka 180 iliyopita hakuna aliyeuliza.

Wewe mtaani kwenu unamjua mtu anayechonga kwato? Dondosha maoni hapo chini.