Kutoka kwa Panya hadi kwa Binadamu: Historia ya Utafiti wa Vichocheo vya Ukuaji katika Kuumbika kwa Jino, 1962–2004

Jino la binadamu huanza kuumbika takriban wiki ya sita ya ujauzito, pale tabaka la seli linalofunika taya la kiinitete, yaani epithelia, linaponenepa na kuzama katika tishu laini iliyo chini yake, yaani mesenkima. Tishu hizo mbili huwasiliana kwa protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu mawasiliano hayo ilipatikana kwa panya. Insha hii inadai kuwa ushahidi wa familia zilizokosa meno haukuthibitisha tu yaliyoonekana kwa panya, bali ulifichua pia mambo ambayo panya asingeweza kuyaonyesha.

Historia hii ilianza kwa bahati. Katika miaka ya 1950, huko St. Louis, Marekani, Stanley Cohen alishirikiana na Rita Levi-Montalcini kutafuta kichocheo cha ukuaji wa neva. Vitoto vya panya vilivyodungwa dondoo la tezi za mate vilifumbua macho takriban siku ya 7, badala ya siku ya 12 hadi 14, na meno yao ya mbele yaliota mapema. Mwaka 1962 Cohen alitangaza kuwa ametenga protini iliyoleta matokeo hayo, ambayo baadaye ilijulikana kama EGF. Yeye na Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Hata hivyo, kuharakisha kuota kwa jino si sawa na kuliumba. Mwaka 1985 Partanen, Ekblom na Thesleff walionyesha kuwa EGF ilizuia kuumbika kwa meno ya viinitete vya panya yaliyokuzwa maabarani. Ilidhihirika kwamba maana ya ishara hutegemea hatua ya ukuaji ambamo inapokelewa.

Swali lililofuata lilikuwa ni tishu ipi inayoamuru. Mwaka 1970 Kollar na Baird waliunganisha mesenkima ya jino la panya na epithelia ya mguu, na jino likaumbika. Mamlaka yakaonekana kuwa ya mesenkima. Mwaka 1987 Mina na Kollar walithibitisha kuwa katika hatua za awali zaidi epithelia ya taya ndiyo inayoanzisha jino, kisha uwezo huo huhamia kwa mesenkima. Mwaka 1993 Vainio na wenzake, huko Helsinki, waliitambua protini BMP4 kuwa mojawapo ya ishara za epithelia: ilipowekwa juu ya mesenkima kwa vishanga vidogo, iliamsha jeni ya Msx1. Mwaka uliofuata, Satokata na Maas walionyesha kuwa panya wasio na jeni hiyo hawakamilishi kuumba meno.

Ushahidi wa binadamu ulipatikana mwaka 1996, Vastardis na wenzake walipogundua badiliko la jeni ya MSX1 katika familia iliyokosa magego madogo ya pili na magego ya mwisho. Panya hana magego madogo kabisa, wala habadilishi meno. Aidha, wanafamilia hao walikuwa na nakala moja nzima ya jeni, hivyo waliota meno mengi na kukosa machache mahususi. Kwa hiyo kiasi cha mwitikio wa ishara kilionekana kuwa na uzito tofauti kwa kila aina ya jino.

Mwaka 2004 Lammi na wenzake walieleza familia ya Kifini ambamo watu 11 walikosa angalau meno 8 ya kudumu, na 8 miongoni mwao walikutwa na saratani ya utumbo mpana au dalili zinazoitangulia. Chanzo kilikuwa badiliko la jeni ya AXIN2, inayosaidia kudhibiti ishara za Wnt, ambazo hutumika katika kuumba meno na katika kuhuisha utumbo.

Familia moja haitoshi kumhofisha kila aliyekosa jino, kwa kuwa visababishi vya upungufu huo ni vingi. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kuwa idadi ya meno, iliyozoeleka kuchukuliwa kuwa suala la sura na kutafuna, inaweza kuwa kumbukumbu ya ishara zinazoendelea kufanya kazi kwingineko mwilini. Daktari wa meno anayeuliza historia ya ukoo mzima, badala ya kuziba pengo tu, anaifanyia kazi historia hii.