Zambarau Katika Soko la Kariakoo

Asili ya mzambarau ni Bara Hindi na nchi za jirani. Katika pwani ya Waswahili umekuwa mgeni aliyekaa hata akawa mwenyeji. Tunda lake jeusi, lenye kuacha wino ulimini, ndilo lililoipa lugha jina la rangi. Waganga wa miti shamba huchemsha magome kwa tumbo la kuhara, na kokwa husagwa kwa wenye kisukari.

Kariakoo, mahali palipoitwa hivyo kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wa vita vya 1914–1918, hulipata tunda hili toka viungani. Nalo halistahimili safari ndefu wala ghala. Basi mizambarau ya jirani ikikatwa kupisha nyumba, soko hukosa tunda, na lugha hubaki na rangi isiyo na mti.