Kujaza Filamu Gizani, na Habari za Vugiri

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya kazi moja ndogo ifanywayo gizani, yaani kujaza filamu katika vikasha vya kamera kwa mikono yetu wenyewe. Huenda mtu akauliza, "Kazi kama hiyo ina historia gani?" Wahenga walikwisha kumjibu: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha itundikwayo ukutani imeundwa vilevile, na uundaji wake huanza kabla kamera haijafumbuliwa jicho. Na katika historia hiyo, Tanga na milima ya Usambara iliyo nyuma yake ina sehemu yake.

Tuanze na asili. Oskar Barnack alikuwa fundi katika kiwanda cha Ernst Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani. Alitwaa ukanda wa sinema, wenye upana wa milimita 35 na matundu pande zote mbili, akaulaza kwa ubavu katika kamera ndogo, hata picha yake moja ikachukua nafasi ya picha mbili za sinema. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari kufika mwaka 1914, lakini vita vikaingia, nayo kamera iitwayo Leica haikuuzwa mpaka mwaka 1925. Waliyoinunua walipaswa kuingia katika chumba cha giza, kukata ukanda mrefu, na kujaza vikasha vyao wenyewe. Hata mwaka 1934 ndipo kampuni ya Kodak ilipoleta kikasha kilichokwisha kujazwa kiwandani, kitumiwe mara moja kisha kitupwe. Basi mtu asidhani ya kuwa kujaza mwenyewe ni hila ya maskini iliyozuka juzi. Hiyo ndiyo desturi ya kwanza. Kikasha cha dukani ndicho kilichokuja nyuma.

Mwaka mmoja baadaye, yaani 1935, kazi ya filamu ilifika kwetu. Reli itokayo Tanga hufika Korogwe, na juu ya Korogwe, katika milima ya Usambara, ndipo palipo Vugiri. Hapo ndipo lilipowekwa makao ya jaribio la kutengeneza sinema za mafundisho kwa watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Shauri lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. L. A. Notcutt alisimamia kazi ya kupiga picha, na G. C. Latham alisimamia upande wa mafundisho. Hata jaribio lilipokwisha mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa: za kilimo, za afya, za kuweka akiba posta, na mengineyo. Waigizaji walikuwa Waafrika, na maelezo yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Kisha gari lilizichukua filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikaonyeshwa usiku viwanjani.

Hatuna budi kusema kweli juu ya nia ya kazi ile. Wenye kuiongoza waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha ziendazo upesi, ila aonyeshwe polepole kama mtoto. Dhana hiyo ilitudunisha, wala haikuwa kweli. Walakini katika ufundi wao kulikuwa na jambo la kujifunza, maana walitaka kuthibitisha kwamba filamu yaweza kutengenezwa papa hapa kwa gharama ndogo. Kwa hiyo walitumia ukanda mwembamba wa milimita 16, ambao haushiki moto upesi kama ukanda wa sinema kubwa wa zamani zile, nao wakausafisha huko huko Vugiri.

Tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Ukanda wa milimita 16 una picha 40 katika kila futi. Futi 100 ni picha 4,000, na zikienda 16 kwa sekunde, zimekwisha kwa dakika 4 na sekunde 10. Mtu akijua hesabu hiyo hawezi kuchezea futi hata moja.

Sasa na turudi kwa ukanda wa milimita 35 na kamera ya mkononi. Kopo la futi 100 lina mita 30 na nusu. Kikasha cha picha 36 hutaka mita 1.6 hivi, pamoja na ulimi wa mbele na kipande cha nyuma. Wauza nguo wa pwani walipima kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Basi mita 1.6 ni mikono mitatu na nusu, upungufu wa nusu mkono tu katika pima moja. Kopo moja hutoa vikasha 18 au 19. Gizani hakuna macho. Kwa hiyo piga misumari miwili ubaoni, yenye umbali huo kati yake, ili vidole vione badala ya macho. Wala usiwashe taa nyekundu, maana filamu nyingi huiona nyekundu pia. Shika ukanda kwa kingo tu, kwa kuwa jasho letu la pwani huacha alama isiyotoka. Na kopo likitoka katika barafu, liache mpaka baridi yote iliyomo iishe ndipo ulifungue, lisije likapata umande ndani. Kisha pangusa mdomo wa kikasha, kwani chembe moja ya mchanga huchora mstari katika picha zote 36.

Lakini hayo yote ni mepesi mbele ya jambo moja lililotupata chuoni petu. Tulijaza vikasha pamoja na wanafunzi wetu, kazi ikaenda vizuri, tukafurahi hata tukasahau kuandika. Kikasha cha kiwandani kina karatasi yenye jina. Chetu ni cheusi, na vyote hufanana kama mayai. Kimoja kilichokwisha kupigwa kilirudi katika kapu la vipya. Humo mlikuwamo picha ya mzee aliyekuwa mlinzi wa chuo kwa miaka mingi. Tulipokisafisha tuliona uso wake umefunikwa na mistari ya mikonge, picha mbili katika mahali pamoja. Tulisema tutampiga tena wiki ijayo. Wiki ijayo alikuwa amefariki, na watoto wake walipokuja kuomba picha, hatukuwa na la kuwapa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku hiyo kila kikasha hupata karatasi kabla mlango haujafunguliwa, nasi huandika aina ya filamu, tarehe na jina la aliyejaza. Na kikisha kupigwa, ulimi wake huingizwa ndani wote.

Na habari za Vugiri nazo ni hizo hizo. Katika zile filamu 35, zilizobakia ni chache sana, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Mojawapo ni ile ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Majina ya Notcutt na Latham twayajua, kwa kuwa waliandika kitabu mwaka 1937. Waliosimama mbele ya kamera, na waliosema Kiswahili katika santuri, walikuwa watu wenye majina yao na jamaa zao, nao walistahili kuandikwa vilevile.

Basi, wasikilizaji wetu, yatupasa kuyashika mambo mawili pamoja. Tujaze wenyewe, kwa kuwa ajazaye mwenyewe huijua thamani ya kila mkono wa ukanda. Na tukisha kujaza, tuandike. Ikiwa sandukuni mwenu mna picha ya zamani ya Tanga, ya Pangani au ya Korogwe, itoeni leo, mwiteni mzee awajuaye waliomo, mkaandike majina yao nyuma kwa kalamu ya risasi, maadamu yuko wa kuulizwa. Kwaherini.